Alama Moja Juu, Mlango Uleule: Kisa cha Kijana wa Amu Aliyerudia Kidato cha Nne

Kijana wa kisa hiki ni wa mtaa wa Langoni, hapa Amu, yaani mji wa Lamu. Alifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, mwaka 2023, na matokeo yalipotangazwa Januari 2024 akawa na D+. Babake akamrudisha Kidato cha Nne katika shule ya bweni ya bara. Akafanya tena mwaka 2024, akapata C-. Hivi sasa anasomea cheti cha umekanika, kozi ambayo ile D+ ya mwanzo ilitosha kabisa kumwingiza. Mwaka mzima na karo yake vilikwenda kutafuta kitu ambacho nyumba ile ilikuwa nacho tayari, kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kabati.

Nakiandika kisa hiki kwa idhini ya wazazi wake, bila ya majina, kwa sababu nimekiona kikijirudia katika nyumba nyingi za hapa kwa sura mbalimbali. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ni jirani yao. Mamake kijana ndiye aliyeniita, baada ya matokeo ya pili, wakati ambapo baba na mjomba walikuwa hawasemezani.

Nianze na baba, kwa kuwa ndiye anayelaumiwa sana mtaani na mimi sioni kwamba anastahili lawama yote. Ni mvuvi. Shule aliiachia darasa la saba akaingia baharini na ami yake. Bandari ya Kililana, ile bandari mpya ya Lamu, ilipokuwa ikijengwa alikwenda kuomba kazi kwa mkandarasi mmoja, akaulizwa cheti, hakuwa nacho. Kijana aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alikuwa na cheti cha kuchomelea vyuma, akaingizwa siku ileile. Huku nako bahari yenyewe ikawa inambana. Kazi za bandari zilivuruga sehemu walizozoea kutega na kuvua, hata Mahakama Kuu mwaka 2018 ikaamua kwamba wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Mtu aliyepitia hayo mawili akikwambia kwamba mwanawe hatarithi dau, na kwamba bila karatasi hakuna kazi, ana sababu zake.

Mama huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Yumo kwenye chama cha kuchangiana fedha cha akina mama wa mtaa, na zamu yake ya kupokea ilikuwa iangukie mwanzoni mwa 2024. Fedha zile alikuwa amezipangia kununua friza, auze barafu na maji ya matunda, kwa sababu mahamri peke yake hayamtoshi.

Mjomba, kakake mama, ni fundi wa mashine za boti. Karakana yake ni kibanda kilicho ufuoni, na hajapata kukaa darasani kwa ajili ya kazi hiyo hata siku moja.

Wasomaji wa bara huenda wasielewe uzito wa fundi wa mashine hapa kwetu. Mji wa Amu una vichochoro vya kupita punda, na kila safari ya maana inaanza kwa kuteremka gatini. Mgonjwa anayevushwa kwenda Mokowe, mgeni wa Shela, kamba wanaopelekwa kuuzwa Mombasa, bibi harusi anayetoka Faza, wote wanangoja mashine iwake. Mashine isipowaka katikati ya mkondo wakati wa upepo wa kusi, hilo si jambo la kuchelewa, ni jambo la roho za watu.

Kijana aliingia katika kazi hiyo kwa sababu ya korona. Shule zilifungwa Machi 2020, naye alikuwa na miezi michache tu Kidato cha Kwanza. Hazikufunguliwa kwa darasa lake hadi Januari 2021. Miezi yote hiyo alishinda kwa mjomba wake. Mwanzoni alikuwa wa kuleta maji baridi ya kusafishia chumvi, maana mashine iliyotoka baharini lazima ipitishwe maji yasiyo chumvi au itajiziba ndani. Kisha akawa anafungua plagi na kuzikwangua, anasafisha kabureta, anachanganya petroli na oili kwa kipimo. Mjomba anasimulia siku iliyoletwa mashine ya mtu wa Pate ambayo ilikuwa ikipata moto na kuzima. Wenyewe walikuwa wameshaamua kichwa cha injini kimeharibika, na walikuja na fedha za kukifungua. Kijana aliomba iwashwe kwanza ndani ya pipa la maji. Akakodolea macho yale maji ya kupoza injini yanayotoka nyuma, akaona yanatoka membamba kama uzi. Akasema, "Mjomba, hawa wamepita Mkanda maji yakiwa yamekupwa." Wakashangaa amejuaje. Mlango wa Mkanda, ule mkondo mwembamba wanaopita watu wa Pate wakija Amu, maji yakipwa ni tope na mchanga mtupu, na mashine inayovuta mchanga huliwa ile impela ya mpira ndani ya pampu ya maji. Waliifungua pampu, impela ikatoka imekatikakatika mapezi. Haikuhitajika kugusa kichwa cha injini.

Hapo palikuwa na mtoto wa Kidato cha Kwanza anayetazama, anayeunganisha mambo, anayetaja chanzo kabla ya kushika spana. Hiyo ndiyo fizikia. Mwalimu yeyote wa sayansi angefurahi kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo. Lakini shule ilipofunguliwa, hakuna mtu wa shule aliyejua habari hiyo, na hakuna mtu wa nyumbani aliyedhani ni habari ya kupeleka shuleni.

Nirudi Januari 2024. D+ ilipoingia nyumbani ilisomwa kwa neno moja tu: amefeli. Majirani walikuja kumpa pole mamake, nami nakiri liliniuma, kwa kuwa kijana alikuwa ameketi palepale akisikia. Mwaka ule watahiniwa 899,453 walifanya mtihani nchini na waliopata C+ kwenda juu, yaani alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 201,133. Zaidi ya watoto watatu katika kila wanne hawakufika hapo. Hatuwezi kuwa na nchi inayowapa pole watoto wake watatu kati ya wanne kila Januari na kuita hilo matokeo ya elimu.

Na utaratibu wenyewe hausemi kwamba D+ ni mwisho. C+ ni ya shahada, C- ni ya stashahada, D ni ya cheti cha ufundi, na walio chini ya hapo wana ngazi ya mwanzo ya ufundi wanayoanzia. Tangu sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo ya mwaka 2014, ngazi hizo zimekusudiwa kupandwa: mwenye cheti anaweza kuendelea hadi stashahada, na wa stashahada hadi shahada. Kijana mwenye D+ anayetaka ufundi wa injini alikuwa mbele ya mlango ulio wazi. Hakuna aliyewaambia. Baba aliujua mlango mmoja tu, ule wa chuo kikuu, na jirani mmoja akamwambia kwamba angalau apate C-, "ili awe na diploma ya kutajwa."

Mjomba alipinga. Alisema mwacheni mtoto aje karakana, mkono wake umeshakomaa. Hapo ndipo ugomvi ulipochacha, maana baba alijibu kwa jambo lililokuwa moyoni siku nyingi: "Shemeji, hapo ufuoni ndipo walipopotelea watoto wa wenzetu." Alimaanisha mirungu, na alimaanisha unga wa kulevya. Sote tunawajua vijana hao, tuliwafundisha, na baadhi yao tumewazika. Mjomba alichukulia kwamba ametukanwa. Mama, aliyekuwa katikati ya mumewe na kakake, alinyamaza, na katika kunyamaza huko fedha za chama zikaondoka.

Karo rasmi ya shule ya bweni ya umma iliyo nje ya miji mikubwa ni shilingi 40,535 kwa mwaka. Juu yake kuna godoro, sare mpya, nauli ya boti na ya basi kila muhula, na vile vitu vidogovidogo ambavyo shule huviongeza. Friza haikununuliwa.

Kijana hakukataa. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakusema chochote, akanijibu, "Mwalimu, ningesema nini mbele ya baba, na D+ iko mezani?" Nafikiri hili wazazi tulishike vizuri. Mtoto aliyepata alama ya chini huona amepoteza haki ya kusema anachotaka, na siku hiyohiyo ndiyo tunayochagua kumuamulia.

Alisoma kwa bidii. Naamini hivyo kwa kuwa nimeiona karatasi. Kiswahili kilipanda, Elimu ya Dini ya Kiislamu ilipanda, na Biashara ilipanda. Hisabati ilibaki palepale ilipokuwa. Jumla yake ikasukuma wastani hatua moja, kutoka D+ hadi C-. Baba alichinja kuku. Wiki ile alitembea mtaani na kichwa juu, na sitaki mtu amcheke kwa hilo.

Maombi ya vyuo kupitia KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, yalipofunguliwa, walikwenda saiba, duka la intaneti, pamoja, baba na mwana. Walitafuta stashahada ya uhandisi wa mitambo. Wastani ulikubalika. Somo halikukubalika. Kozi nyingi za uhandisi katika ngazi ile zinaangalia hisabati na fizikia, na kijana hakuwa na fizikia. Walijaribu nyingine, hali ikawa ileile. Siku hiyo jioni ndipo mama alipokuja kwangu.

Niliomba kuziona karatasi zote mbili, ya 2023 na ya 2024. Nilipoziweka pamoja jambo likaonekana bila ya kutafutwa: fizikia haimo katika yoyote. Kijana alikuwa na baiolojia na kemia. Nikamuuliza lini aliacha fizikia. Akasema ni mwaka 2022, walipokuwa wakiingia Kidato cha Tatu. Mwalimu wa fizikia alikuwa amehamishwa, na darasa lao lote likaambiwa lichukue sayansi mbili zilizobaki. Hakukuwa na fomu iliyoletwa nyumbani. Baba aliposikia alisema, "Mimi sikuulizwa." Mama akasema, "Mimi nilijua hayo ni ya walimu."

Kwa maoni yangu hapo ndipo kisa hiki kilipoamuliwa. Ilikuwa siku ya kawaida ya muhula, bila ya kelele, bila ya majirani kuja na pole. Kijana aliyetambua impela iliyoliwa na mchanga kwa kutazama maji tu aliondolewa kwenye somo linaloeleza kwa nini, na watu wazima waliomzunguka hawakujua kwamba kuna jambo limetokea. Miaka miwili baadaye nyumba nzima ikagombana juu ya wastani, na fedha za mama zikatumika kuuinua wastani, ilhali mlango waliokuwa wakiutaka ulikuwa umefungwa kwa somo. Kurudia mwaka bila ya fizikia hakungeufungua hata angepata B.

Shule siitetei, lakini sitaki pia kuirundikia yote. Shule za visiwani hupata tabu ya walimu wa sayansi, na mwalimu mkuu asiye na mwalimu wa fizikia hana la kufundisha. Alichoweza kufanya, na ambacho hakigharimu kitu, ni kuwaita wazazi na kuwaambia: mtoto wako akiacha somo hili, kozi za namna hii zitakuwa ngumu kuzipata, kama ana nia huko, tuzungumze sasa. Wapo ambao wangehamisha watoto. Wapo ambao wangetafuta mwalimu wa likizo. Wengine wangekubali, lakini wangekubali wakijua.

Mjomba naye nina maneno naye, na nimemwambia ana kwa ana. Anaposema mkono unatosha, hasemi kweli hata kuhusu maisha yake mwenyewe. Hoteli kubwa ikitaka matengenezo ya boti zake hudai fundi mwenye cheti. Kazi hiyo huchukuliwa na kampuni ya nje, na mara nyingine kampuni hiyohiyo ikamtafuta yeye kama kibarua. Kazi aifanye yeye, bei ipangwe na mwingine. Wakati huo mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, upo, una madaraja matatu kuanzia la III kupanda hadi la I, na unawapokea hata waliojifunzia kazini bila ya kupita chuo. Kwa upande wa bahari, Mamlaka ya Bahari ya Kenya inakagua vyombo vidogo na kutaka nahodha awe na cheti. Mambo yanakwenda huko, yapende usiyapende. Baba aliliona hilo kwenye foleni ya Kililana mapema kuliko shemeji yake. Alichokosea ni kudhani kwamba karatasi yoyote ni karatasi, na kwamba ile ya juu zaidi ndiyo bora hata kama haielekei kazini.

Bandari nayo ina sehemu yake katika hili. Tangu mradi wa LAPSSET, unaojumuisha bandari hii na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, uzinduliwe Machi 2012, wazazi wa hapa wamekuwa wakilea watoto wakiielekea Kililana. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Mpango mzima ni magati 32, na yaliyojengwa ni matatu. Kulitangazwa pia ufadhili wa masomo kwa vijana 1,000 wa Lamu, wasomee kazi za bandari. Ni jambo jema, lakini kozi za meli na mitambo zinaangalia sayansi na hisabati kama zinavyoangalia nyingine, iwe ni katika chuo cha mabaharia cha Mombasa au kwingineko. Ufadhili haumsaidii mtoto aliyeondolewa kwenye fizikia akiwa Kidato cha Tatu. Nikisikia viongozi wakigombania nafasi za vijana wetu bandarini, natamani wagombanie kwanza walimu watatu au wanne wa fizikia.

Tulikaa nyumbani kwa bibi yake kijana baada ya sala ya isha. Nilieleza nilichokiona kwenye karatasi, nikanyamaza. Baba alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akamwambia mamake kijana mbele ya watu kwamba fedha zake za chama atamrudishia. Hakuna aliyemwomba aseme hivyo.

Makubaliano yalikuwa haya. Kijana aombe kozi ya cheti cha umekanika wa magari katika chuo cha ufundi cha bara, ngazi ambayo wastani wa D ndio unaoangaliwa, kwa kuwa msingi wa injini ni mmoja na yaliyo ya boti tayari anayo. Akimaliza, ana njia ya kupanda hadi stashahada. Likizo zote atafanya kazi kwa mjomba kwa malipo ya kila wiki, nusu akimkabidhi mamake amuwekee. Karakana hakutafunwi mirungu, na atakayetafuna, awe fundi au mteja, ataondoka. Hilo mjomba alilisema mwenyewe, na ndilo lililofanya baba ampe mkono. Baba naye aliahidi kupita pale jioni. Anapita kweli. Nimemwona amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akimuuliza mwanawe kila kitu kinaitwaje.

Kijana alianza masomo 2025. Walimu wake wa karakana wanamsifu, hesabu bado inamtesa. Mjomba hajakubali kufanya mtihani wa NITA. Anasema hakuna atakaloulizwa asilolijua, na mimi namwambia hiyo ndiyo sababu ya kwenda.

Lililonishughulisha zaidi mwaka ule ni dada yake. Alikuwa Gredi ya 9, katika kundi la kwanza kufanya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, mwaka 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Katika mfumo huu mpya mtoto anachagua mkondo mapema: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Yaani lile jambo lililompitia kakake kimyakimya akiwa Kidato cha Tatu, sasa linafanywa waziwazi, na linafanywa na mtoto akiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano. Ni nafasi nzuri kuliko ile ya zamani iwapo wazazi watakuwepo. Wasipokuwepo, ni balaa ileile imekuja mapema zaidi.

Binti anataka uuguzi. Alikuja nyumbani na orodha ya shule, na zote zilikuwa zimeandikwa kwamba zina mkondo wa sayansi. Baba alichukua orodha ile akaniletea, akaniuliza jambo ambalo sijawahi kuulizwa na mzazi: katika hizi, zipi zina mwalimu wa kemia na wa baiolojia hivi sasa, na zipi zina maabara inayotumika? Sikuwa na jibu la zote. Mbili tulipiga simu. Moja alipanda boti akaenda mwenyewe, akaomba aonyeshwe chumba cha maabara, akakuta kimejaa madawati mabovu. Aliikata kwenye orodha. Mwalimu mkuu wa shule ile alimuuliza kama ni desturi ya wazazi wa Amu kukagua shule, naye akamjibu kwamba kwa nyumba yake, kuanzia sasa, ni desturi.